Namna ya kuchagua saksafoni ya soprano iliyopinda kwa bei nafuu, bila kununua bomba bovu

Soprano iliyopinda ukiiona kwa mbali utadhani ni saksafoni ya alto ya mtoto: ina shingo, ina kona chini, na domo lake, yaani ule mwisho mpana wa bomba, linatazama juu. Kimuziki ni soprano ileile iliyonyooka. Iko katika B♭, noti yake ya chini kabisa kwenye maandishi ni B♭, na ukipiga C iliyoandikwa kwenye karatasi, inayosikika ni B♭ ya piano. Vidole vinakaa vilevile. Kilichobadilika ni njia ya bomba, na hapo ndipo penye uzuri na taabu za ala hii.

Kasoro za saksafoni ya bei rahisi ziko za aina mbili. Kuna zinazotokana na kazi ya harakaharaka: pedi (kile kimto kinachoziba tundu) haifungi sawasawa, springi imelegea, koki (kipande cha gome laini) imedondoka, skrubu haikuwekwa mahali pake. Hizo fundi anazimaliza mezani. Halafu kuna zilizomo kwenye bomba lenyewe: tundu limetobolewa pasipo pake, au bomba lilipopindwa likapoteza uwiano wa kutanuka kwake. Hizo zinabaki humo maisha. Wanunuzi wengi hukosea hapa. Mtu anaikataa ala nzuri kwa sababu noti za chini hazitoki, kumbe ilihitaji robo mzunguko wa skrubu. Anaichukua nyingine inayong'aa na iliyotoa sauti papo hapo, na baada ya mwezi anagundua kwamba B ya juu na C inayoifuata hazitakaa kwenye toni hata afanyeje. Kwa hiyo macho na masikio yako yaelekee zaidi kwenye bomba. Pedi zinabadilishwa.

Kwanza hakikisha ni iliyopinda unayoitaka

Domo la soprano iliyonyooka hupeleka sauti mbele na chini, mbali na mpigaji. La iliyopinda linatazama juu, karibu na uso wako, kwa hiyo unaisikia sauti yako vizuri zaidi. Wapigaji wengi wanasema sauti yake ni ya duara na laini kuliko ya iliyonyooka; sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni mahali lilipo sikio lako, maana aliyeketi mita tano mbele anasikia tofauti ndogo sana. Jan Garbarek, raia wa Norwei, anajulikana kwa kupiga soprano ya aina hii, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba sauti yake ni ya duara kupita kiasi.

Faida isiyo na ubishi ni ya mwili. Iliyopinda inaning'inia kwenye mkanda wa shingoni kama alto, uzito unaondoka kwenye dole gumba la kulia, na kipulizio kinaingia mdomoni kwa pembe iliyozoeleka. (Kipulizio hapa ni ile sehemu ya kuingiza mdomoni, ambayo wapigaji wengi huiita mausipisi tu.) Anayetoka kwenye saksafoni ya alto au ya tena (tenor) hujikuta nyumbani upesi.

Hasara ni kwamba vibonyezo vimebanana. Vile vitatu vya kiganja cha kushoto, vya D, E♭ na F za juu, viko karibukaribu mno, na mwenye mikono mikubwa huvigusa bila kukusudia. Hili halirekebishiki kirahisi, hivyo shika ala kabla ya kulipa. Jambo la pili ni kwamba bomba la kupinda lina viungo vingi zaidi, yaani mwili, kona na domo, na kila kiungo kinaweza kuvuja. Kwa bei ileile, iliyonyooka mara nyingi imetengenezwa vizuri zaidi. Kama huna sababu ya mwili wala ya sikio, nunua iliyonyooka.

Mpya ya bei rahisi au ya zamani?

Njia ni mbili, na kila moja ina mtego wake.

Soprano zilizopinda za zamani zinazopatikana kwa wingi ni za Kimarekani za miaka ya 1920, nyingi kutoka mji mmoja, Elkhart katika jimbo la Indiana: Conn, Buescher na Martin. Viwanda hivyo pia vilichonga majina ya maduka mengine kwenye ala zao, hivyo jina usilolijua kwenye domo halimaanishi ala mbaya. Bomba la nyingi ni zuri na sauti yake ni nene. Angalia mambo manne:

1. Kimo cha kutuni. Enzi hizo bendi nyingine zilitumia kimo cha juu, A ikiwa karibu herzi 457 badala ya 440. Tafuta karibu na namba ya ala maneno "Low Pitch" au herufi L au LP. Ukikuta "High Pitch", H au HP, weka chini uondoke, hata ikiwa ya bure. Ukivuta kipulizio nje ili uishushe, noti za juu zitashuka sana na za chini kidogo tu, na ala nzima itavurugika.

2. Mwisho wa noti za juu. Nyingine zinaishia E♭, hazina kibonyezo cha E wala F. Kwa nyimbo nyingi inatosha, lakini ujue mapema.

3. Pedi za Buescher. Nyingi za kampuni hiyo zilishika pedi kwa kifungo cha kubana kilichochomekwa kwenye kishina katikati ya kikombe, yaani kile kifuniko kinachobeba pedi. Fundi asiyejua hukata vishina hivyo ili abandike pedi za gundi. Ala iliyokatwa vishina hupigika, ila thamani yake imeshuka, na bei ishuke pamoja nayo.

4. Gharama ya pedi. Ala ambayo haijabadilishwa pedi kwa miaka mingi itazihitaji zote, na kazi hiyo inaweza kulingana na bei uliyonunulia. Uliza fundi kwanza, ndipo uweke dau.

Kwa mpya, bei ya juu inawakilishwa na Yanagisawa wa Japani na Rampone & Cazzani wa Italia; wametengeneza soprano zilizopinda kwa muda mrefu, na ukibahatika kupuliza moja ya ala hizo, hata kama huinunui, sikio litapata kipimo. Chini yao kuna ala za Taiwan, ambako wilaya ya Houli ndiyo kitovu cha saksafoni, halafu za China zenye majina chungu nzima. Kwa hizi za mwisho jina lililochongwa halina uzito mkubwa: kiwanda kimoja huuza ala ileile kwa majina tofauti, na jina moja laweza kubadilisha kiwanda. Hata ala mbili za jina moja, zilizowekwa pamoja juu ya meza, hazilingani. Unachonunua ni ala hii iliyo mkononi, kwa hiyo ukiweza, ipime na mwenzake wa jina hilohilo na uchague.

Gawanya fedha kabla ya kutoka

Chukua fedha yote uliyonayo uihesabu kama 100. Karibu 75 iende kwenye ala, 15 kwa fundi, na 10 kwa kipulizio na tete, vile vijiti vyembamba vinavyofungwa kwenye kipulizio na kutetemeka. Anayemaliza 100 yote kwenye ala hubaki na kipulizio cha plastiki kilichokuja kwenye kasha, na hicho hakikusaidii hata kujua kama ala ni nzuri.

Kwa majaribio beba hivi: kipulizio chako mwenyewe cha soprano, kama unacho au unaweza kuazima, tete 3 za namba 2 au 2½ ulizokwisha kuzipuliza, kipima toni au programu yake kwenye simu, karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, utepe mwembamba wa taa za LED unaoweza kuingia kwenye bomba, mkanda, penseli na karatasi. Kipulizio chenye uwazi wa karibu milimita 1.2 kwenye ncha kinatosha kwa majaribio. Ukienda na chenye uwazi mkubwa utakuwa unapima misuli ya midomo yako, si ala.

Hatua ya 1: Macho

Anza juu. Soprano ni nyembamba sana kwenye shingo, na mbonyeo mdogo hapo unaharibu toni kuliko mbonyeo mkubwa kwenye domo. Itazame shingo kwa ubavu, halafu kwa mbele. Kwenye mpindo wake bomba libaki duara. Likiwa bapa, ama lilivutwa chini wakati wa kuunganisha ala, ama lilipindwa vibaya kiwandani. Kama shingo inatoka, ichomeke bila kukaza skrubu: isogee kwa ukinzani laini. Ikicheza, hewa inavujia hapo, na utalaumu pedi zisizo na kosa.

Shuka kwenye kona na kiungo cha domo. Tafuta lehemu iliyopasuka, au mstari wa rangi ya kijani unaoashiria unyevu unaotoka ndani. Angalia kitegemeo kinachoshika domo na mwili. Kikiwa kimejikunja, au mwili una mbonyeo pale kilipobandikwa, ala iliwahi kuanguka, na kwa ala iliyoanguka fito za vibonyezo virefu huwa zimepinda. Vanishi iliyochubuka haina neno. Vanishi mpya iliyopakwa juu ya ala ya zamani ndiyo ya kutiliwa shaka: kabla ya kupaka husuguliwa, na kusugua hula kingo za matundu.

Mwisho, washa utepe wa taa ndani ya bomba na uchungulie matundu. Kingo ziwe tambarare. Kwenye pedi, alama ya mviringo iliyoachwa na tundu iwe na kina sawa pande zote. Ikiwa imezama upande mmoja na upande wa pili haionekani, ama kikombe kimepinda ama tundu si tambarare. La kwanza fundi analinyoosha kwa dakika chache. La pili ni kazi ya kupiga tupa, na kwenye ala ya bei rahisi haistahili gharama.

Hatua ya 2: Vidole

Shika kila kibonyezo kwa vidole viwili ukitikise kushoto na kulia. Mchezo kidogo ni kawaida. Mlio wa chuma kwa chuma kwenye vibonyezo vingi maana yake fito zimelika, au hazikuwahi kutoshea. Halafu bonyeza kimoja kimoja na kuachia polepole: kirudi chenyewe bila kusita. Sasa bonyeza kwa nguvu kuliko kawaida kibonyezo cha B♭ ya chini, ukitazama mkono wake. Ukiuona unajikunja kama kijiko chepesi, chuma ni laini, na ala hiyo itahitaji kurekebishwa kila baada ya miezi michache. Hilo halitengenezeki.

Hatua ya 3: Kuvuja

Hapa karatasi ya sigara inazidi mashine yoyote. Kata kipande chenye upana wa milimita 5. Kiingize kati ya pedi na tundu, funga kibonyezo kwa nguvu ndogo tu, ile unayotumia kupiga, kisha vuta karatasi taratibu. Usikilize mvuto. Rudia mbele, nyuma, kushoto na kulia kwa pedi hiyohiyo. Karatasi ishikwe sawasawa kotekote. Ikishikwa nyuma na kuteleza mbele, pedi haijakaa. Anza na zile ndogo za juu, maana kwa soprano uvujaji wa nywele moja huko juu unaua kila noti iliyo chini yake.

Mwanga hukamilisha kazi. Katika chumba chenye giza, na utepe wa LED ndani, funga vibonyezo kimoja kimoja. Palipovuja utaona mstari wa mwanga pembeni mwa pedi.

Kisha skrubu za kupatanisha, ambazo ndizo chanzo cha ala nyingi mpya "zisizotoa sauti". Kuna mkono mdogo juu ya pedi ya G♯ unaoishikilia ifungwe unapobonyeza vidole vya mkono wa kulia. Ukiwa umelegea, G♯ inanyanyuka nywele moja na noti zote za chini zinakataa. Jaribu hivi: piga D ya chini. Isipotoka, mwombe mwenzako akandamize kikombe cha G♯ kwa kidole huku ukiendelea kupuliza. Noti ikifunguka ghafla kama mlango, hakuna ugonjwa mwingine hapo. Ni skrubu hiyo, na fundi ataipatanisha ukiwa umesimama mlangoni. Usiifungue mwenyewe dukani, lakini iweke akilini wakati wa kupatana bei.

Hatua ya 4: Oktava

Kibonyezo cha oktava kinaendesha vitundu viwili. Kuanzia D hadi G♯ hufunguka kile cha mwilini. Kuanzia A kwenda juu hufunguka kile cha juu kabisa, na cha mwilini hujifunga. Shika G, bonyeza oktava kwa dole gumba, tazama: cha juu kibaki kimefungwa. Nyanyua kidole cha pete cha kushoto ili upate A: vibadilishane mara moja. Rudia mara kumi kwa haraka. Cha juu kikipumua hata kidogo unapopiga G, noti hiyo itaruka au kulia kwa kuvunjika. Kwa kawaida ni mkono uliopinda safarini, na hunyooshwa kwa mkono.

Hatua ya 5: Toni, ambapo uamuzi unapatikana

Puliza dakika 5 hadi 10 kwanza, ala na utete vipate joto. Kisha tuni B ya mstari wa katikati, ile ya kidole kimoja, ambayo kwenye piano ni A ya herzi 440. Ukishaipata, usikisogeze tena kipulizio. Kwenye bomba dogo namna hii milimita moja tu inahamisha noti za juu kwa kiasi cha kusikika.

Kabla ya kuendelea, jipime mwenyewe. Toa kipulizio, kipulize peke yake kwa sauti ya kati. Kwa soprano kitoe C ya piano iliyo oktava mbili juu ya C ya katikati, au karibu na hapo. Kikitoa zaidi ya hiyo, unauma utete, na kila namba utakayoandika itakuwa ya meno yako.

Sasa piga noti moja moja, kuanzia B♭ ya chini hadi mwisho wa juu. Usitazame kipima unapoanza. Funga macho, shikilia noti kwa hesabu ya nne bila kuirekebisha, ndipo umwambie mwenzako asome. Mdomo wa mpigaji mzoefu huisahihisha noti kabla hajatambua, na ukitazama sindano utadanganyika. Andika senti ngapi juu au chini. Nusu toni moja ni senti 100.

Namba moja moja hazina maana kubwa. Tazama mwendo wake. Chukua ala mbili za mfano. Ya kwanza, kwenye oktava ya pili, inaonyesha A juu kwa senti 6, B 11, C 16, D ya kiganja 20. Inapanda, lakini inapanda kwa utaratibu, kama ngazi. Hilo ni suala la kipulizio: chumba chake cha ndani ni kidogo kwa bomba hili. Weka chenye chumba kikubwa zaidi cha mviringo, na mwelekeo wote utashuka pamoja. Ala nyingi za miaka ya 1920 zinadai chumba kikubwa cha namna hiyo, na zimetukanwa bure na watu waliozipachika vipulizio vya kisasa vyenye chumba chembamba. Ala ya pili inaonyesha A juu kwa 5, B juu kwa 28, C chini kwa 10, D juu kwa 22. Wastani wake unakaribia ule wa kwanza, lakini noti jirani zinavutana huku na huku. Hakuna kipulizio kitakachoshusha B bila kuizamisha C zaidi. Matundu yametobolewa vibaya. Irudishe.

Zipo noti ambazo saksafoni karibu zote huzikosea kidogo, usiogope. D ya katikati, ya vidole sita na oktava, hupenda kwenda shapu, yaani juu ya kimo chake. C♯ ya wazi ya oktava ya kwanza, isiyoshikwa na kidole chochote, hupenda kuwa flati, yaani chini ya kimo chake. Unaweza kuipiga kwa vidole vya C♯ ya chini pamoja na oktava, ikanyooka. C♯ inayofuata juu yake hupenda kwenda shapu, na vidole vichache vya mkono wa kulia vikiongezwa huishusha.

Kuhusu kikomo: tofauti ya senti 10 ni kawaida hata kwa ala ghali. Senti 15 hadi 20 kwenye noti mbili tatu unaishi nazo. Zaidi ya 25 kwenye noti unayoitumia kila wimbo, achana nayo, isipokuwa mwelekeo ni wa ngazi kama ule wa kwanza.

Pima pia oktava: G ya chini na G ya pili, kisha A kwa A, B kwa B. Kama zote zimetanuka kwa kiasi kinachofanana, rudi kwenye kipulizio. Ikiwa moja tu imetanuka, angalia kikombe chake. Kikombe kinachofunguka sana hupandisha noti, kinachofunguka kidogo huishusha na kuifanya nzito, na fundi hurekebisha kwa kuongeza au kupunguza koki. Kuna pia ufundi wa kubandika kipande chenye umbo la mwezi mchanga ndani ya tundu, upande wa kuelekea kipulizio, ili noti ishuke. Kwa noti moja ni sawa. Muuzaji akikuambia noti tano zitatibiwa hivyo, mwachie ala yake.

Kosa lingine la kawaida: kipulizio hakiingii vya kutosha. Ala nzima iko flati, unasukuma, hakiendi. Mara nyingi koki ya shingo, lile gome laini linalovishwa pale, ni nene tu. Husuguliwa kwa msasa laini, kidogo kidogo, huku ukijaribu. Lakini kama kipulizio tayari kimeimeza koki yote na ala bado iko flati, shingo ni ndefu mno, na huwezi kuifanya lolote kwa bei nafuu.

Hatua ya 6: Noti za chini kwa sauti ndogo

Piga C, B na B♭ za chini kimyakimya. Kwa nguvu, hata ala inayovuja hutoa. Noti ikibubujika kama injini ya boti, chunguza uvujaji kwanza, kwa karatasi na mwanga. Ukiwa na hakika hakuna, sukuma kipulizio ndani kidogo na usikilize. Kikiwa mbali mno na koki, noti hizo huyumba. Ikikataa bado, dondosha kizibo kidogo cha koki ndani ya domo kikae kwenye kona. Ni tiba ya zamani na inaonekana ya kienyeji, lakini huzituliza ala nyingi. Usisahau tu kukitoa kabla ya kufunga kasha.

Ukinunua bila kuishika

Omba picha tano: shingo kwa ubavu, kona na viungo vyake, kitegemeo cha domo, pedi zikiwa wazi, na namba ya ala pamoja na maandishi yaliyo karibu nayo. Kisha omba video moja isiyokatwa: ngazi ya nusu toni kutoka B♭ ya chini hadi juu kabisa, polepole, halafu G na A za oktava ya pili zikipishana mara kumi, halafu B♭ ya chini kwa sauti ndogo. Sauti yake ipitishe kwenye kipima toni chako mwenyewe. Muuzaji anayekutumia wimbo mtamu wenye mwangwi badala ya ngazi uliyoomba ameshakujibu.

Kama ni mpya, hakikisha una siku za kurudisha, na ufanye hatua zote sita siku ileile inapofika. Kwanza kabisa toa vipande vya koki au plastiki vilivyochomekwa chini ya vibonyezo kwa ajili ya safari. Viko vingi kuliko unavyodhani, na kimoja kilichosahaulika chini ya kibonyezo cha pembeni kinatosha kukufanya uitangaze ala kuwa mbovu.

Ikishakuwa yako

Ipeleke kwa fundi hata kama inapiga, pamoja na ile karatasi yako ya senti. Mwombe asawazishe pedi za juu, apatanishe G♯, na alinganishe nafasi za vikombe pale ulipoweka alama. Kwa kukausha, tumia kitambaa chembamba cha soprano chenye kamba na uzito mwishoni. Kiingizie upande wa domo, geuza ala ili uzito upite kwenye kona, kisha kivute taratibu utokee shingoni. Cha alto usikijaribu: karibu na juu kuna kijibomba cha oktava kinachochomoza ndani, kitambaa kinene kinanasa hapo, na ukivuta kwa nguvu unazidi kukifunga. Kikinasa, kivute kurudi upande wa domo. Kisiporudi, acha hapohapo, mpelekee fundi na ala nzima.

Pedi ya G♯ na ile ya C♯ ya chini zitaanza kunata baada ya wiki kadhaa, kwa sababu hukaa zimefungwa na unyevu hushukia huko. Weka karatasi ya sigara chini yake, funga kwa vidole, subiri sekunde chache, fungua pedi ndipo utoe karatasi. Poda usiweke, inashikana na mate ikawa gundi.